Chumba Chenye Afya

Jumatatu, 3 Machi

Katika dunia hii yote hakuna binadamu anayekohoa vizuri kuliko mimi. Nalisema mapema ili atakayesoma ajue yuko na nani. Naweza kukohoa kizee, naweza kukohoa kitoto, naweza kukohoa kama karani anayetaka mgeni aondoke. Siku ya mtihani wa hesabu nilikohoa mpaka mwalimu akanitoa nje kwa huruma. Shule yenyewe niliishia katikati, lakini hilo si kosa langu. Shule ilikuwa ndefu mno.

Leo kipaji changu kimepata ajira. Chuo kikuu, jengo la nyuma, ghorofa ya pili, chumba chenye kompyuta nyingi na dirisha moja lisilofunga. Humo yumo dada anayesomea udaktari wa vitabu, si wa sindano. Anafundisha kompyuta isikilize kikohozi cha mtu, halafu iseme kama huyo mtu aende kupimwa kifua kikuu au arudi zake nyumbani. Huu ni mwaka wa tatu anaifundisha. Nikamwambia, "Usijali dada, hata mimi masomo yalinichelewesha." Hakucheka. Nimempa jina: Dada Grafu, kwa sababu ukimuuliza habari za asubuhi anakuchorea.

Kazi yangu ni kurekodi vikohozi kwa simu ya kazi. Marundo mawili. La kwanza ni la wagonjwa waliokwisha kupimwa pale kliniki ya kifua. La pili ni la wenye afya, popote nitakapowakuta, mradi wajibu kwamba hawana homa, hawatoki jasho usiku, hawajakonda. Majina hatuchukui. Namba, umri, mwanamume au mwanamke, kikohozi, basi. Wao wananiita mkusanyaji. Mimi najiita Mkurugenzi wa Vikohozi.

Msimamizi wa dada ni profesa, mzee mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, zote hazina wino. Anauliza "kwa nini" mpaka unajuta kuwa na jibu. Huyo ni Mzee Kwanini. Ndiye aliyeamuru hii shajara. "Kila anayefanya kazi hapa anaandika siku zake. Sitasoma. Lakini andika ulichokiona, si ulichotamani kukiona."

"Na kama nilichokiona ndicho nilichotamani, Profesa?"

Akamgeukia dada. "Huyu umemtoa wapi?"

Jumanne, 4 Machi

Kliniki ya kifua. Nesi mkuu, Sista, ana sauti ya kusimamisha lori. Amenivalisha barakoa, akaikaza mpaka masikio yakasogea mbele. "Madirisha yote wazi, simu umbali wa mkono, usimkimbize mgonjwa." Nimepata vikohozi vingi na vizuri. Wagonjwa wanakohoa bila kuombwa. Kazi rahisi hii.

Alhamisi, 6 Machi

Naifuta sentensi ya mwisho ya juzi. Wenye afya ni watu wagumu! Leo sokoni nimemsimamisha muuza ndoo.

"Mzee wangu, nikoholee kidogo hapa kwenye simu."

"Nikohoe kwa nini? Naumwa?"

"Ndiyo maana nakutaka, huumwi."

"Sasa nikikohoa si nitakuwa naumwa?"

Mama mmoja wa mboga alikohoa vizuri kabisa, ila mwanawe akadhani nimemroga, akanifukuza na ungo. Nimepata wanane.

Jumatatu, 10 Machi

Dada Grafu amewakataa wote wanane. Kelele za sokoni, baiskeli, redio, ungo. "Nitafutie mahali patulivu," amesema. Mvua imeanza leo, imenishika njiani, nimefika nyumbani nimelowa mpaka kitambulisho.

Alhamisi, 13 Machi

Leo sikutoka kwa sababu ya mvua. Nimekaa na dada nikamuuliza mashine inajuaje. Kwa kweli nilitaka tu kukwepa mvua, lakini jambo lenyewe limeninasa.

Kumbe sauti ina picha. Kikohozi ukikiweka kwenye kioo cha kompyuta kinakuwa kama mlima unaowaka, mwekundu chini, manjano juu, halafu mkia. Nimekaa nikikohoa na kujitazama hadi saa ya kula. Mlima wangu mzuri kuliko wa Kaka Picha. Huyu Kaka Picha naye anasomea udaktari huohuo wa vitabu, meza ya dirishani, yeye anafundisha mashine kusoma picha za eksirei.

"Sasa unaiambia nini?" nikamuuliza dada. "Unaiambia mkia mrefu ni ugonjwa?"

"Siiambii kitu. Naionyesha marundo mawili tu. Hili la wagonjwa, hili la wenye afya. Inatafuta yenyewe tofauti."

"Tofauti gani?"

"Yoyote itakayoikuta."

"Hata wewe hujui itakuta ipi?"

"Hata mimi."

Nimelala nikiwaza hilo. Mwanafunzi anajibu sawa, na mwalimu hajui kwa nini amejibu sawa. Mimi shuleni nikifanya hivyo waliita kuibia.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Wagonjwa wamekuja kliniki, wenye afya wamejifungia majumbani. Dada anauliza, "Wazima wako wapi?" Rundo la pili linaonekana kama sahani ya mtoto aliyekwisha kula.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Nimepata wazo ambalo profesa mzima hakulipata.

Nani mwenye afya? Mimi. Nani anakohoa? Mimi. Mahali patulivu ni wapi? Chumbani kwangu, nyuma ya pazia la shangazi. Basi jioni nimekaa kitandani nikakohoa watu sita: mzee wa miaka sitini, mwalimu, mama mnene, kijana wa mpira, bibi harusi, na fundi bomba. Kila mmoja nimempa namba na umri wake. Fundi bomba ametoka vizuri mno, karibu nimwite anitengenezee bomba.

Sioni ubaya. Kikohozi cha mtu mwenye afya kimetoka kwa mtu mwenye afya.

Alhamisi, 20 Machi

Dada amewapokea wote sita. Amesema, "Safi sana, hakuna kelele." Nimetembea nikiwa mrefu zaidi.

Jumatatu, 24 Machi

Wazima kumi na wawili leo, wote wangu. Tatizo ni shangazi. Kwetu ni vyumba viwili chini ya bati moja, pazia katikati. Yeye ni fundi cherehani, ana oda ya sare za shule, anashona asubuhi hadi giza. Cherehani sijali, nimeizoea tangu nikiwa mdogo, mimi husikia ikinyamaza tu. Lakini tangu mvua zianze ana kikohozi, tena kikohozi chake kina wivu: nikibonyeza kurekodi, naye anaanza.

"Shangazi! Unaniharibia kazi! Kohoa kwenye mto!"

"Samahani, baba. Sikujua umeanza."

Akanyamaza. Mtu mwelewa sana, shangazi yangu.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Wazima tisa.

Jumanne, 1 Aprili

Wazima kumi na mmoja. Dada anasema ajabu, wenye afya wanafanana sana kwenye picha zao, wagonjwa kila mmoja na lake. Mzee Kwanini akainua kichwa kama paka aliyesikia sufuria. "Kwa nini?" Nikawahi kujibu: "Afya ni moja, Profesa. Magonjwa ndiyo mengi." Akaliandika! Kwa kalamu ya dada, zake si hazina wino. Nimemfundisha profesa. Wamenipa jina humu chumbani: Kipaza.

Ijumaa, 4 Aprili

Mashine imefaulu. Dada aliificha vikohozi ambavyo haijawahi kuvisikia, akaipa leo, ikapatia karibu vyote. Amekaa chini sakafuni, kwenye nyaya, akacheka peke yake. Sikuwahi kumwona akicheka, ana mwanya. Atatetea kazi yake mbele ya jopo tarehe 20 Mei, na Juni kliniki wataanza kuitumia: mtu akikohoa simu ikatoa nyekundu, anapelekwa kupimwa, ikitoa kijani, anarudi nyumbani. Wale wanaotoka mbali wataokoa safari.

Mama yake dada alikufa akisubiri kupimwa. Kaka Picha ndiye aliyeniambia, tukiwa kwenye ngazi.

Jumatano, 9 Aprili

Dada ameniwekea mashine kwenye simu ya kazi, niijaribu. Jioni nimeipeleka moja kwa moja kwa shangazi. Alikuwa kwenye cherehani akipunguza gauni la kijani. Nikamwuliza la mteja gani huyo anayekonda. "Langu," akasema. "Siku hizi linanivuka." Akasema pia sare zikiisha, Ijumaa ataenda kwa Sista akamwone, kifua kinamchosha.

"Ijumaa ya nini? Daktari nimekuja naye. Kohoa hapa."

"Hiyo simu itajua?"

"Shangazi, wewe unaongea na Mkurugenzi. Imesomea miaka mitatu hii."

Akakohoa, mguu haujaacha kanyagio. Simu ikawaza. Kijani! Nikamwinua kitini tukacheza, yeye akikohoa na kucheka pamoja. Mvua ilikuwa inapiga bati kama watu wa kushangilia. "Basi ni hii baridi tu," akasema, akaketi, akaendelea kushona. Ijumaa ataendelea na sare.

Jumatatu, 14 Aprili

Mambo yameharibika kwa namna ya kuchekesha.

Tumekwenda kliniki nyingine, ng'ambo ya mji, kuijaribu mashine kwa watu wapya. Mimi, dada, Mzee Kwanini. Mvua ilikuwa imepumzika. Mgonjwa wa kwanza: nyekundu. Sawa. Wa pili: nyekundu. Sawa. Mtu aliyemsindikiza mgonjwa: nyekundu. Mfagiaji: nyekundu. Dada akaanza kujikuna shingo. Mzee Kwanini akakohoa mwenyewe: nyekundu. Mlinzi wa geti, jitu la kunyanyua gari, akasema hebu nami. Nyekundu, akauliza papo hapo nani atamlelea watoto. Ikabidi apimwe makohozi rasmi ili atulie.

"Kohoa wewe, Kipaza," akasema dada.

Nikakohoa. Nyekundu.

Nimeudhika. Nimeikoholea mashine hii karibu rundo zima, leo inanikana mbele za watu.

Alhamisi, 17 Aprili

Dada hali, halali. Mzee Kwanini ana furaha ya mtoto aliyepewa saa aibomoe. Anazunguka meza akirudia swali moja. "Haikosei ovyo. Imejifunza kitu. Imejifunza nini?" Nikimwangalia naona huyu mtu si mkali kama nilivyodhani. Anataka kujua tu, kama wengine wanavyotaka chai.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimeona jambo la ajabu kuliko yote.

Mzee Kwanini amesema: "Iondolee kikohozi." Dada akadhani amechoka. "Chukua rekodi zetu za zamani, kata kikohozi chenyewe, bakiza ule ukimya wa kabla yake. Ipe mashine ukimya."

Dada amekata siku nzima. Jioni akaipa. Mashine ikapatia tena, karibu wote! Huyu mgonjwa, huyu mzima, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Kaka Picha akasema mashine yake nayo iliwahi kumtia aibu: ilikuwa inatambua wagonjwa kwa herufi iliyopigwa pembeni ya picha, mapafu haikuyatazama kabisa. Mzee Kwanini akapiga makofi. "Basi haikusikia vikohozi kamwe. Imesikia nini?"

Nami nikawa najiuliza hivyohivyo, naapa, kwa moyo mweupe kabisa. Ukimya una nini ndani yake?

Ijumaa, 25 Aprili

Dada ameuongeza ukimya sauti mpaka mwisho, akatuvalisha vipaza vya masikioni mmoja mmoja. Ukimya wa wagonjwa: kiti kinaburuzwa, mlango, Sista akimkaripia mtu mbali. Ukimya wa wenye afya: mvua kwenye bati. Na chini ya mvua, kitu kingine. Trrrrr. Kinatulia. Trrrrr.

"Treni?" dada akauliza.

"Mashine ya kusaga," akasema Kaka Picha.

Zamu yangu ikafika. Nikavaa.

Mimi sauti hiyo huwa siisikii. Leo nimeisikia. Hata ule mguu wake unaoteleza kidogo kwenye kanyagio, trrr-tik, nimeusikia.

"Kipaza? Unaijua?"

"Mvua," nikasema. "Labda mvua tu."

Jumamosi, 26 Aprili

Sijalala vizuri. Naandika yote.

Asubuhi shangazi alikuwa anashona. Mvua ileile. Nikachukua simu ya kazi, nikakaa kitandani kwangu, nikajiambia cherehani ziko nyingi mjini, nyumba za bati ziko nyingi mjini. Nikabonyeza, sikukohoa. Nikanyamaza tu.

Kijani.

Nikakigeuzia simu kiti. Kijani. Nikaisogeza kwenye ndoo. Kijani. Fagio, kijani. Viatu vyangu vyenye matope, kijani. Nilianza kucheka, kwa sababu inachekesha jamani, chumba kizima kina afya, hakuna kiti kinachoumwa humu! Nikalielekezea shati lililoning'inia ukutani, nalo likapona.

Halafu cheko likanikauka. Nikakumbuka mkono wa shangazi begani kwangu ile jioni tukicheza. Mashine haikumsikia. Ilisikia cherehani yake na bati lake. Ningeipelekea maiti humu ndani, ingesema mzima.

Nikafungua pazia. Alikuwa ameinamia kitambaa, mgongo wake umechongoka kwenye lile gauni la kijani, na gauni limelegea tena baada ya kupunguzwa. Nimekaa nyuma ya pazia hili mwezi na zaidi. Maswali yetu nayajua kwa moyo, nimewauliza watu wasiokuwepo, mama mnene na fundi bomba: una homa? unatoka jasho usiku? umekonda? Yeye sikumuuliza hata moja. Mashuka anayofua kila asubuhi nilidhani ni usafi.

"Shangazi, usiku unatoka jasho?"

"Aa, kidogo. Kwani vipi?"

"Jumatatu tunakwenda kwa Sista."

Mguu ukaacha kanyagio. "Si ulisema mimi mzima?"

"Nilisema."

"Na mashine ilisema."

"Mashine niliiambia mimi la kusema, shangazi. Ila sikujua kama naiambia."

Hakuelewa. Akanitazama vile anavyotazama mshono uliopinda, asijue aufumue au auache. "Sawa, baba," akasema. "Sare zimebaki nne tu."

Jumatatu, 28 Aprili

Sista amempima uzito, akatazama mizani, akanitazama mimi. "Unakuja hapa kila siku kukusanya vikohozi vya watu, na huyu unakaa naye?" Makohozi yamechukuliwa. Amempa barakoa na kumwambia afungue madirisha yote nyumbani.

Jumatano, 30 Aprili

Ni kifua kikuu. Sista amesema kinatibika kwa vidonge, miezi sita bila kuruka siku, na kwamba mapafu ya upande mmoja yameumia kuliko ambavyo yangeumia angekuja mapema. "Mapema lini?" nikauliza. "Mwanzo wa mwezi huu kungekuwa na tofauti."

Mwanzo wa mwezi huu ndipo alipotaka kuja mwenyewe.

Kutoka kliniki nimepitiliza mpaka chuoni, nikapanda ghorofa ya pili, nikasimama mbele ya meza ya dada. Mzee Kwanini alikuwepo, Kaka Picha alikuwepo.

"Ile sauti ni cherehani ya shangazi yangu," nikasema. "Na wazima wote tangu Machi kumi na tisa ni mimi."

Dada hakuelewa mara moja. "Wewe ulikuwa nao?"

"Hapana. Wao ni mimi."

Mzee Kwanini akavuta kiti, akakaa, akasema kwa upole sana, "Hebu. Mzee wa miaka sitini."

Nikakohoa kizee.

"Bibi harusi."

Nikakohoa. Kaka Picha akaziba mdomo, mabega yanamtetemeka. Fundi bomba. Mama mnene. Nilipofika kwa mwalimu Kaka Picha alishindwa, akacheka mpaka machozi, na nadhani hata mimi nilitabasamu kidogo, maana nakohoa vizuri, hilo haliondoki. Halafu nikamwona dada. Alikuwa amezima kioo cha kompyuta, anatazama giza lake.

"Miaka mitatu," akasema. "Na Juni ningewapa wagonjwa."

"Dada…"

"Wangekaa kwenye chumba chenye cherehani, au bati, au Mungu anajua nini, ningewaambia waende nyumbani."

Nikamwambia kwamba mmoja ameshaambiwa. Nikamwambia nani.

Akainuka, akatoka. Tulimsikia kwenye ngazi mpaka chini.

Nilimngojea Mzee Kwanini anifukuze. Aliandika kitu, kalamu ikakataa, akaikung'uta. "Kwa nini ulisema leo?" akauliza.

"Kwa sababu nilipimisha ndoo, Profesa, ikawa na afya."

Akatikisa kichwa. "Nami sikuuliza hata mara moja rekodi safi namna ile zinatoka wapi wakati wa mvua," akasema. "Nilifurahia jibu lako la magonjwa mengi. Nenda kamwangalie shangazi."

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Utetezi wa tarehe 20 umeahirishwa mpaka mwakani. Juni imefutwa.

Alhamisi, 8 Mei

Vidonge vinamtia shangazi kichefuchefu. Nampikia uji, anasema ni mbaya, anakunywa.

Jumatatu, 12 Mei

Dada amenisemesha. Si kwa sauti ya dada, kwa sauti ya ofisi. Rundo la wenye afya litakusanywa upya palepale kliniki, chumba kilekile cha wagonjwa, na Sista atakuwepo. Mimi sitashika simu. Kazi yangu mpya ni kusikiliza rekodi zangu zote za zamani, moja baada ya nyingine, niandike nyuma ya kikohozi kuna nini. Anataka kuwaonyesha jopo jinsi mashine inavyodanganyika. Sura nzima ya kitabu chake itakuwa hiyo.

"Nitaitwaje kwenye hiyo sura?" nikauliza.

"Hitilafu," akasema. Nikaona mwanya, kidogo, ukapotea.

Jumatatu, 19 Mei

Nami nimepimwa, picha na makohozi. Mzima. Safari hii nimepimwa na watu. Sista akasema, "Una bahati kuliko akili." Nimeukubali ujumbe.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua zinapungua. Shangazi ameongezeka kilo moja, anatangaza mtaa mzima kama aliyeshinda kura. Nikakaa karibu naye, madirisha wazi, nikamweleza mashine ilivyokosea. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo iliipenda cherehani yangu," akasema.

Ijumaa, 30 Mei

Hakuna mvua leo. Nimemaliza rekodi.

Watu watadhani kilichoharibika msimu huu ni rundo la dada, au utetezi wake, au ile kijani ya Aprili. Hayo nimeshayasema mbele ya watu na nimeshayalipia kwa kadiri yangu. Kuna moja sijamwambia mtu, na si Mzee Kwanini aliyelikuta wala mashine. Nimelikuta mimi, na vipaza masikioni, dirisha lisilofunga likipiga.

Kwenye rekodi za mwanzo, nyuma ya mvua na cherehani, kuna kikohozi cha mbali. Si changu. Kipo kwa mwalimu, kipo kwa bibi harusi, kila siku kimezidi kidogo. Mashine ilipewa kikohozi cha mgonjwa wa kweli mara nyingi hivyo, kwenye rundo la wenye afya. Nikawa naandika tu: mvua, cherehani, kikohozi cha mbali. Mvua, cherehani, kikohozi cha mbali.

Halafu ikafika ya tarehe ishirini na nne Machi. Inaanza na sauti yangu mwenyewe, ya mtu anayejiona: unaniharibia kazi, kohoa kwenye mto.

Baada ya hapo kikohozi cha mbali hakipo tena. Dada akisikiliza hatasikia kitu. Lakini mimi nimeongeza sauti mpaka mwisho, nikarudia, na nikarudia. Cherehani inasimama. Kuna kitambaa kinavutwa. Kuna pumzi inayobanwa, inabanwa, mpaka mimi nimalize kukohoa vizuri kuliko watu wote duniani. Kisha mguu unarudi kwenye kanyagio, trrr-tik.

Rekodi zote zilizobaki ziko hivyo. Niliajiriwa kusikiliza kifua cha kila mtu, na yule niliyeishi naye nilimwambia anyamaze. Akaninyamazia mpaka rekodi ya mwisho.